Kilomita tatu, dakika thelathini na tano: kwa nini vikosi jirani vya zimamoto huchelewa kuitwa

SWALI: Naishi katika kaunti ya mashambani hapa Marekani, na mwaka huu nimejiunga na kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Kaunti ina vikosi saba vidogo, kila kimoja na mkuu wake na mipaka yake. Majuzi nyumba iliungua kama kilomita 3 tu kutoka kituo cha jirani zetu, lakini kwa kuwa iko upande wetu wa mpaka, tuliitwa sisi tulio kilomita 14. Jirani waliitwa baadaye, paa likiwa limeshaporomoka. Nilipouliza, nikaambiwa mkataba wa kusaidiana upo, umesainiwa zamani. Kama upo, tatizo liko wapi? Na mtu mgeni kama mimi anaweza kufanya nini?

JIBU: Ndugu yangu, mkataba huo upo kweli, na siku ile ulifanya kazi sawasawa na ulivyoandikwa. Tatizo ni jinsi ulivyoandikwa. Mikataba mingi ya aina hiyo husema kikosi jirani kitakuja kikiombwa. Haisemi nani aombe, aombe wakati gani, wala aombe nini. Kwa hiyo kila kitu kinamsubiri mkuu wa kikosi chenu afike, autazame moto kwa macho yake, ndipo ashike redio.

Hebu tuzihesabu dakika. Ni makisio, lakini mzimamoto yeyote wa kijijini atayatambua. Simu ya dharura, 911, inapigwa, na dakika 2 zinapita kabla peja zenu, vile vifaa vidogo vya wito, hazijalia. Mmoja yuko kwenye trekta, mwingine yuko kazini, mwingine amelala. Mpaka wafike kituoni, wavae na gari litoke, ni dakika ya 8. Kilomita 14 za barabara ya shambani, yenye kona na changarawe, zinakula dakika nyingine 13. Mmefika dakika ya 21. Mkuu anazunguka nyumba, anaona hali imemzidi, anaomba msaada: dakika ya 23. Sasa peja za jirani ndiyo kwanza zinalia, nao wanaanza safari ileile mliyoianza ninyi: kuacha kazi, kukimbilia kituoni, kuvaa, kuwasha gari. Wanafika dakika ya 35. Wangeitwa pamoja nanyi tangu mwanzo, wangefika kama dakika ya 12, kabla yenu. Kilomita 3 zimegeuka dakika 35, na hakuna aliyevunja kanuni yoyote.

Zilinganishe dakika hizo na moto wenyewe. Majaribio ya UL, taasisi ya Marekani ya kupima usalama, yameonyesha kwamba sebule yenye samani za kisasa, zilizojaa sponji na plastiki, inaweza kufikia hatua ya kila kitu chumbani kuwaka kwa mpigo mmoja chini ya dakika 5 tangu moto uanze. Sebule ya samani za kizamani, za mbao na pamba, ilichukua karibu nusu saa. Mikataba mingi ya kusaidiana iliandikwa na watu waliozoea moto wa aina ile ya pili.

Kinachokosekana kwenu ni msaada wa moja kwa moja. Huu hauombwi. Unakuwa umeamuliwa mapema, watu wakiwa wametulia mezani, na unaandikwa kwenye kadi ya wito au kwenye kompyuta ya kituo cha simu za dharura: nyumba ikiungua katika eneo fulani, magari haya ya kikosi A, haya ya B na boza la maji la C yanaitwa kwa pamoja katika sekunde ileile. Mkuu akifika akakuta ni sufuria iliyoungua jikoni, anawarudisha wenzake njiani. Kumrudisha aliye njiani hakugharimu kitu ila mafuta kidogo. Kumwita aliyekaa nyumbani kunagharimu zile dakika nilizozihesabu. Illinois walianza kupanga mambo hivi tangu 1968, kwa mfumo unaoitwa MABAS wa kadi za wito zilizopangwa kwa ngazi, na umesambaa hadi majimbo jirani. Si jambo geni.

Wakubwa wa vikosi vidogo hupenda kusema, "Sisi tunajitosheleza, tukizidiwa tutaita." Kuna njia moja ya kulijibu hilo bila ugomvi, nayo ni hesabu ya maji.

Chuo cha taifa cha zimamoto cha Marekani hufundisha kanuni nyepesi: chukua urefu wa nyumba kwa futi, zidisha kwa upana, gawanya kwa 3, utapata galoni za maji kwa dakika zinazohitajika ghorofa moja ikiwa inawaka yote. Nyumba ya kawaida ya futi 40 kwa 30, yaani kama mita 12 kwa 9, inadai galoni 400 kwa dakika, ambazo ni lita 1,500 hivi. Gari la zimamoto lililobeba galoni 1,000, yaani karibu lita 3,800, litamaliza maji yake yote kwa dakika mbili na nusu. Mjini hilo si shida, kwani kuna haidranti, yale mabomba ya kuchotea maji yaliyosimikwa kando ya barabara. Shambani hakuna. Maji lazima yabebwe kwa maboza kutoka bwawani au mtoni, yamwagwe kwenye tangi la turubai lililokunjuliwa karibu na moto, na pampu iyavute kutoka humo huku boza likirudi kuchota tena.

Boza la galoni 2,000 hubeba karibu lita 7,600. Toa asilimia 10 kwa maji yanayobaki ndani au kumwagika njiani, zinabaki kama 6,800. Tuseme kwenda bwawani na kurudi ni dakika 12, kujaza 4, kumwaga 3, na moja ya kugeuza gari kwenye njia nyembamba. Jumla dakika 20. Boza hilo basi linaleta wastani wa lita 340 kwa dakika, wakati moto unadai 1,500. Mnahitaji maboza 5 yanayozunguka bila kusimama, pampu nyingine kule bwawani ya kuyajaza, na mtu wa kuongoza magari ili yasikutane uso kwa uso kwenye daraja. Kikosi chenu kina maboza mangapi? Vikosi vingi vya mashambani vina moja, na waliobahatika wana mawili. Hesabu hii haimtukani mtu. Inaonyesha tu kwamba katika kaunti isiyo na haidranti, nyumba moja ikiwaka sawasawa ni kazi ya vikosi vitatu au vinne tangu dakika ya kwanza.

Na maboza bado ni upande rahisi, kwa kuwa hayaendi kazini mchana. Watu huenda. Karibu theluthi mbili ya wazimamoto wa Marekani ni wa kujitolea, na wengi wao wana kazi za mshahara mbali na kijiji. Ukutani kituoni mna majina 30, lakini Jumanne saa nne asubuhi wanaotokea ni watatu, mmoja wao ana miaka 70 na anaruhusiwa kuendesha gari tu. Kiwango cha NFPA 1720, cha chama cha taifa cha kujikinga na moto, kilichoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea, huweka lengo kwa maeneo ya mashambani: watu 6 wawe wamefika ndani ya dakika 14, angalau mara 8 katika kila matukio 10. Ni lengo la chini sana, na bado wengi hawalifikii mchana wa siku za kazi. Tena kanuni ya shirikisho ya usalama kazini inataka kwamba wawili wakiingia ndani ya jengo linalowaka, wawili wengine wawe nje tayari kuwaokoa, isipokuwa pale ambapo kuna mtu wa kuokolewa. Yako majimbo ambako wa kujitolea hawabanwi na kanuni hiyo, lakini moshi haujui nani analipwa. Watatu wakifika peke yao, kwa kweli wamefika kutazama.

Ndiyo maana nashauri wanaoanza waanzie hapo: msaada wa moja kwa moja kwa moto wa majengo tu, saa za kazi tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Hakuna mkuu atakayesema hana upungufu saa hizo, kwa sababu kila mtu anaujua.

Sasa nije kwenye mambo madogo, ambayo ndiyo huwaaibisha waliosaini mikataba mizuri. Februari 1904 Baltimore iliungua kwa zaidi ya saa 30, na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Vikosi vilikuja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia na kwingineko, watu na mashine, kisha wakagundua kwamba viungio vya mipira yao haviingii kwenye haidranti za Baltimore. Kila mji ulikuwa na skrubu zake. Baada ya hapo nchi ikaweka kipimo kimoja cha taifa. Mngedhani somo limekwisha, lakini 1991 moto wa vilima vya Oakland, California, uliua watu 25, na vikosi vilivyokuja kusaidia vikakuta haidranti za huko zina midomo ya inchi 3 wakati mipira yao ilikuwa ya inchi mbili na nusu. Miaka 87 baadaye, aibu ileile. Kwa hiyo kabla hamjajadili kipengele chochote cha kisheria, chukueni mpira wa kila kikosi, pelekeni penye pampu ya kila kikosi, muunganishe. Fanyeni hivyo na mitungi ya hewa ya kupumulia pia. Vikosi viwili vyenye vifaa vya kampuni tofauti, au vya shinikizo tofauti, huenda visiweze kubadilishana mitungi, na mahali pa kugundua hilo si mlangoni mwa nyumba inayowaka.

Redio ni vivyo hivyo. Si masafa tu, ni lugha pia. Kikosi kimoja kikitumia namba za siri ambazo jirani wanazifahamu kwa maana nyingine, mtu anaweza kuomba maji akaletewa gari la wagonjwa. Tangu 2006 mfumo wa taifa wa kusimamia matukio umetaka vikosi vinavyokutana katika tukio kubwa viongee lugha ya kawaida. "Tunaingia mlango wa nyuma, tuko wawili" inatosha. Chagueni pia mkondo mmoja wa redio wa eneo la tukio, na kila dereva aujue kabla ya kuondoka kituoni.

Nani anaamuru? Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa, hasa jirani akifika kabla ya mwenye eneo, jambo ambalo msaada wa moja kwa moja utalifanya litokee kila mara. California ilijifunza kwa uchungu mwaka 1970, mioto ya nyika ilipoua watu 16 na kuteketeza mamia ya nyumba ndani ya siku 13, huku vikosi vingi vikikutana bila mpango mmoja wa amri. Kutokana na hapo ukatengenezwa mfumo wa kamanda mmoja wa tukio unaotumika sasa nchi nzima. Kwenu utaratibu unaweza kuwa mfupi: ofisa wa kwanza kufika, wa kikosi chochote, ndiye kamanda, na anatamka hivyo redioni. Mkuu wa eneo akifika, anakabidhiwa kwa maneno, naye anatamka hivyo redioni. Mkuu wa eneo asiponyakua amri papo hapo wakati mwenzake anaendelea vizuri, huyo ni mkuu mwenye akili. Na kila anayefika atoe beji yake ya jina kwa kamanda kabla ya kuingia popote, ili ijulikane nani yuko ndani. Vikosi vitatu vikichanganyika bila hilo, mtu anaweza kupotea na kila kikosi kikadhani yuko na wenzao.

Umeuliza tatizo liko wapi. Nusu ya jibu ni hizo dakika. Nusu nyingine haiandikwi kwenye mkataba wowote. Kikosi cha kijiji ndicho kijiji chenyewe. Gari limenunuliwa kwa karamu na michango, babu wa mkuu wa sasa alimwaga zege la kituo. Ukimwambia mtu huyo kwamba jirani aitwe kwanza, anasikia kwamba kikosi chake hakifai. Akisikia "ushirikiano" mara tatu, anaanza kuona mbele kuunganishwa kwa vikosi, kituo kufungwa, na kodi ya mali ya watu wake kununulia magari ya wengine. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Kuna kaunti ambako ushirikiano kweli uliishia kwenye kuunganishwa, na mimi siamini kwamba hilo ni baya kila mara. Kikosi ambacho hakina dereva mchana kwa miaka kadhaa kimeshafungwa, ila taa zinawaka. Lakini ni mazungumzo tofauti. Ukiyachanganya mawili haya katika kikao kimoja, utayakosa yote.

Kitakachomsogeza mkuu wa namna hiyo mara nyingi ni bima. ISO, shirika linalozipima jamii za Marekani kwa ajili ya kampuni za bima, hutoa daraja kuanzia 1 hadi 10, na 10 maana yake hakuna kinga inayotambulika. Kwa kawaida nyumba iliyo zaidi ya maili 5 za barabara, yaani kilomita 8, kutoka kituo kinachoihudumia huangukia hapo, na mwenye nyumba huiona tofauti kwenye malipo yake ya mwaka. Hatua mojawapo ya kutoka kwenye madaraja ya chini ni kuonyesha kwamba mnaweza kupeleka galoni 250 kwa dakika kwa saa 2 mfululizo, na maji ya maboza yanahesabiwa. Magari yanayoitwa kwa msaada wa moja kwa moja huweza kuhesabiwa pia. Nyumba ile ya kilomita 14 kutoka kwenu na 3 kutoka kwa jirani ni mfano halisi wa mahali ambapo karatasi mbili za ushirikiano zingeweza kumpunguzia mtu gharama hata kama haitaungua kamwe. Wakulima huelewa hilo upesi kuliko hotuba.

Yapo malalamiko ya haki ambayo lazima yajibiwe. Kikosi chenye watu wengi kitabebeshwa mzigo wa kile chenye wachache, na baada ya miaka miwili kitachoka. Dawa yake ni kuweka hesabu wazi ya nani alimwendea nani mara ngapi, na kupanga upya kadi kila mwaka. Pia, wakati wa moto mkubwa eneo la jirani linabaki tupu, kwa hiyo kadi itaje kikosi cha tatu kitakachosogea na kukaa katika kituo chao. Gharama huwa si ngumu sana: mikataba mingi huacha kila kikosi kibebe mafuta yake na vifaa vyake, na mzimamoto akiumia, bima ya kikosi chake ndiyo inayomhusu. Lakini hilo liandikwe na mwanasheria wa kaunti, kwa sababu kila jimbo lina sheria yake. Na jambo moja nawaomba msilivumilie: watu kuja bila kuitwa kwa sababu wamesikia redioni. Moyo wao ni mwema, magari yao yanaziba njia ya maboza.

Wewe ukiwa mgeni, usimwandikie kamishna wa kaunti wala usipeleke picha za ile nyumba mtandaoni. Ukimwaibisha mkuu wako hadharani, mlango umefungwa kwa miaka. Muombe kwa heshima uzione ripoti za moto wa majengo za miaka miwili au mitatu iliyopita. Mara nyingi hakuna anayependa kazi ya makaratasi na utapewa kwa furaha. Kwa kila tukio andika nyakati nne tu: simu ilipopokewa, gari la kwanza lilipofika, msaada ulipoombwa, msaada ulipofika. Usiandike majina. Pengo kati ya wakati wa kwanza na wa tatu ndilo swali lako, na litakuwa limeulizwa na kumbukumbu zao wenyewe. Mpelekee mkuu wako karatasi hiyo akiwa peke yake.

Akiipokea, pendekeza zoezi la maji na jirani mmoja tu, yule ambaye mkuu wake na mkuu wenu wanasalimiana vizuri. Boza lenu, boza lao, bwawa moja, tangi moja la turubai, na mtu mwenye saa. Pimeni mnapata lita ngapi kwa dakika kweli, si kwa makisio yangu. Mwite na msimamizi wa kituo cha simu za dharura aje aone, maana yeye ndiye atakayebadilisha kadi, na vikosi vingi hukubaliana mambo mazuri kisha vinasahau kumwambia anayepokea simu. Baada ya zoezi kaeni mseme yaliyoharibika. Waamerika wa mashambani ni watu wa adabu, na nimeona vikao vingi vya baada ya tukio vikiendeshwa kwa mtindo wa funika kombe mwanaharamu apite. Chai inanywewa, watu wanapongezana, viungio havilingani hadi mwaka unaofuata. Heri swali moja liulizwe na lijibiwe: ni kitu gani kilitupotezea dakika?

Mkifika mahali pa kununua vifaa, jueni kwamba ruzuku za serikali ya shirikisho kwa vikosi vya zimamoto, zinazotolewa kupitia FEMA, shirika la serikali la kushughulikia maafa, huruhusu kikosi kimoja kuomba kwa niaba ya vikosi kadhaa. Redio za aina moja au mitungi ya hewa inayobadilishana kwa vikosi vyote saba ni ombi lenye nguvu kuliko maombi saba madogo yanayogombania fungu lilelile. Tena fomu yake inawalazimu wakuu saba kukaa meza moja kabla ya pesa kuja.

Na kadi ya kwanza mkiipata, hata ikihusu barabara moja tu ya mpakani, iwekeni tarehe ya mwisho: miezi 6. Mkuu mwenye wasiwasi atasaini kitu cha miezi 6 ambacho asingesaini cha milele, na kufikia hapo mtakuwa na nyakati zenu nne za kulinganisha.